Dawa Ndani ya Chemchemi

Kazini walimwita Mama Vipimo. Kwa miaka ishirini na minne katika maabara ya idara ya maji, chumba chenye sinki mbili na friji inayoguna, hakuwahi kunywa glasi ya maji bila kwanza kuiinua kwenye mwanga. Ukimkaribisha kwako akaikagua glasi yako hivyo, ulikuwa na haki ya kununa. Watu walisema hana dini, na kweli hakuwa nayo ya kuonyesha. Alichokuwa nacho ni mama.

Mama yake aliishi machimboni, mtaa uliobaki baada ya wavunja kokoto kuondoka. Bomba lilikuwa moja, maji yake yananuka dawa, na bibi yule alikuwa mbishi wa kupigiwa mfano. "Mimi sinywi dawa kama siumwi," alisema, akabeba ndoo yake kwenda kwenye chemchemi iliyotoka mwambani na kujikusanya katika kisima kifupi cha mawe. Binti akachukua chupa ya maji hayo, akapima, akarudia. Yalikuwa na vijidudu vya kinyesi, maana vyoo vya mtaa wa juu vilivujia humo humo. Akamwambia mama yake. Mama akajibu kwamba ameyanywa mwaka mzima na tumbo lake halijalalamika.

Sikio la kufa halisikii dawa. Basi binti akaitia chemchemi dawa bila kulishirikisha sikio. Kila Jumamosi alfajiri alikuja na dumu dogo lililotobolewa matundu, limejaa mchanga uliochanganywa na unga wa klorini, akalizamisha kisimani chini ya jiwe kubwa na kutoa la wiki iliyopita. Dawa ilitoka kidogo kidogo, kwa kipimo ambacho hata pua ya mama yake haikukishtukia. Ilihitaji muda kufanya kazi, kwa hiyo aliwaambia majirani wawili watatu wasichote kabla jua halijatoka, na wasikanyage ukingoni na viatu. Sababu hakuitaja. Hapo ndipo alipokosea, msomi mzima.

Mwaka uliofuata kipindupindu kikaingia mjini. Kilipiga mtaa wa juu, kikapiga mtaa wa chini, kikaingia hata kwenye nyumba za wakubwa wenye matangi. Machimboni hakufa mtu. Sasa wao wafikiri nini? Fundi wa kuchomelea mageti, ambaye miaka ya nyuma alizika watoto wawili kwa ugonjwa wa kuhara, alisimama kisimani akalia mbele za watu, akasema maji haya yana mwenyewe. Usimcheke, ungekuwa wewe ungelia pia. Kabla ya mwaka kuisha kulikuwa na sala na wimbo, na makatazo yamepata maelezo: usichote kabla jua halijatoka, mwenye maji amepumzika, vua viatu, hapa ni kwake, usiguse jiwe lake. Usiyachemshe, maana kuchemsha ni kumshuku. Hayo mawili ya mwisho Mama Vipimo hakuyasema yeye. Yalijizalia.

Mwanzoni alicheka, peke yake maabara, mpaka akapaliwa. Kisha mkuu wake wa kazi akataka majibu ya machimboni, aamue bomba jipya lipelekwe wapi. Alipima kwa uaminifu akakuta maji safi, akaandika safi. Bomba likaenda mtaa mwingine, na kicheko kikamkauka. Angeweza kusema. Lakini aanzie wapi, kwamba anatia dawa maji ya watu kwa siri, na kwamba mwenyewe wanayemwimbia amekaa ndani ya dumu la mafuta ya kupikia? Akanyamaza, akaendelea kupeleka dumu lake Jumamosi hadi Jumamosi, miaka sita.

Katika mvua za mwaka wa saba aliteleza kwenye ngazi ya tangi. Mfupa wa mguu ulitoboa ngozi, kidonda kikaoza, hospitali ikakataa kumruhusu. Jumamosi ya kwanza alijiambia dumu bado lina nguvu. Ya pili akapiga simu.

"Mama, wiki hizi chemsha maji. Mvua ni kubwa mno."

"Nichemshe? Unataka nimtukane mwenyewe?"

"Nakuomba, mama."

"Omba mguu wako upone. Ya maji niachie mimi."

Akakata simu bila kutaja dumu. Aliona aibu, na aliogopa kumvunja mama yake moyo. Jumamosi ya tatu hofu ikazidi aibu, akampigia fundi akamweleza yote.

"Nenda kainue lile jiwe, fundi. Utalikuta dumu."

"Dada, jiwe lile haliguswi," fundi akasema kwa upole. "Maumivu ya mfupa huleta maneno mengi. Tutakuombea."

Siku nne baadaye watu wa machimboni wakaanza kuletwa hospitalini wakiharisha, na hema la wagonjwa likasimikwa uani. Siku ya pili fundi mwenyewe alimleta bibi kwa mkokoteni. Muuguzi akamsukuma Mama Vipimo mpaka hemani kwa kiti cha magurudumu. Mama yake alikuwa amekauka, macho yamezama, ngozi ya mkono ukiifinya hairudi. Daktari hakuzunguka: figo zilikuwa zimeshindwa. Fundi alisimama miguuni pa kitanda, uso umemshuka.

"Mama," binti akasema, "ni mimi niliyekuwa nayatia dawa yale maji. Kila Jumamosi. Hayakuwa na kitu kingine."

Fundi akainua kichwa. "Dada, kumbe ni kweli? Niwaambie watu waache kuchota?"

Kabla hajajibiwa, bibi akasema, "Mimi nilikuona."

"Uliniona?"

"Mwaka ule wa kwanza. Nilitoka mapema, nikakuona umepiga magoti kisimani, kichwa chini, mikono majini. Nikarudi ndani nisikuvuruge. Nikasema, mwanangu huyu haamini hata glasi ya maji. Akipiga magoti pale, basi pana kitu. Ndipo nikamwambia fundi." Alitafuta mate, hakuyapata. "Kwani hukuwa unaomba?"

Mama Vipimo hakuwahi kuandika jibu la uongo maishani mwake. Alijua vizuri kwamba fundi anasikiliza, na kwamba nyuma ya fundi upo mtaa mzima na ndoo zake. Alijua pia kwamba mama yake hana siku nyingine ya kuanza kuamini kitu kingine. Akaushika ule mkono mkavu.

"Nilikuwa naomba, mama. Niliomba usife."

Bibi akafumba macho, ametulia. Alikata roho alasiri hiyo hiyo, binti bado ameushika mkono wake. Binti alipogeuka kumtafuta fundi amwambie ukweli, hakumwona. Aliita, akapiga simu yake mara tisa, ikaita tu. Muuguzi alimwambia yule baba ameondoka mbio tangu mchana, akilia na kucheka, anasema anawahi kuwapa watu habari njema.

Asubuhi jua lilipotoka, watu wa machimboni walivua viatu wakachota.