Maji ya Dada Yangu Jangwani

Wiki iliyopita nilipita soko la Birere kutafuta kufuli, nikakuta mama mmoja amemwaga chini rundo la mitumba: mikanda, kofia, mabegi ya turubai yenye rangi ya majani makavu. Niliinama nikachukua begi moja. Kabla sijafikiri lolote, mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuvuta mikanda yake mmoja mmoja, kupima mshono wa mabega, kuingia ndani kutafuta palipochanika.

"Papa, unaangalia begi kama mutu anayeenda kuvuka jangwa!" mama yule alisema.

"Nilishavuka."

"Jangwa ya wapi?"

"Ya hapa hapa Goma."

Akapiga makofi, akamwita mwenzake wa meza ya pili. "Njoo usikie! Huyu muzee anasema Goma kuko jangwa. Na ziwa lote hii!"

Walicheka sana, nami nikacheka nao kidogo, nikarudisha begi. Kufuli sikununua tena siku ile.

Kama ulikulia mji huu, rafiki yangu, unajua ninachosema. Kama hukukulia hapa, acha nikueleze. Kaskazini ya mji, kando ya njia ya Rutshuru, kulikuwa na uwanda mpana wa mawe meusi, mawe ambayo zamani yalikuwa moto na yakaganda yakiwa bado yanatembea, yenye mikunjo kama nguo iliyokamuliwa. Hapakuwa na kijito wala kisima. Mvua iliponyesha pale, maji hayakusimama. Yalipenya kati ya mawe yakapotea. Mwalimu wetu wa katekisimu, ambaye alitufundisha habari za Waisraeli, aliutazama uwanda ule akaona amepata somo lake. Kila kiangazi, shule zilipofungwa, aliwachukua watoto wa parokia kulala huko usiku tatu. Sisi tulipaita Jangwa. Mtoto aliyekuwa amelala Jangwani alitembea kwa namna nyingine mtaani Katindo, nawe ungemtambua kwa mabega yake.

Maandalizi yalichukua wiki nzima, na mpaka leo nayakumbuka vizuri kuliko kambi zenyewe. Kwetu ilikuwa kazi ya mama. Alitandika mkeka uani, akapanga kila kitu juu yake kabla chochote hakijaingia mfukoni. "Mufuko inadanganya," alisema, "lakini mukeka haidanganyi." Wachache walikuwa na mabegi ya kweli, sisi tulikuwa na magunia ya unga aliyoyashonea mikanda ya kitambaa. Blanketi lilitangulia, upande wa mgongo, ili sufuria isikuumize. Kisha unga wa bugali, chumvi ndani ya karatasi, na sambaza, samaki wadogo wa ziwani waliokaushwa, ambao harufu yao iliingia kwenye blanketi na kukaa humo mpaka Noeli. Maharage yalichemshwa nusu nyumbani, kwa kuwa kule hapakuwa na kuni na kila kipande cha makala, yaani mkaa, kilibebwa kutoka mjini. Tulibeba miti ya kusimamishia bashi, turubai la hema letu, na kamba nyingi, maana mawe ya pale hayakubali kigingi: unafunga kamba kwenye jiwe, ukiomba upepo usiwe na nguvu kuliko jiwe. Tulibeba pia viatu vya akiba. Jangwa lilitafuna soli kama mbuzi anavyotafuna ganda la ndizi.

Maji yalikuja mwisho, alfajiri ya kuondoka, yakiwa yamechemshwa na yakinuka moshi. Mama aliyamimina kwenye bidoni, dumu la plastiki, akaweka kipande cha plastiki chini ya kifuniko, akakaza kwa meno ya koleo la baba.

Juu ya maji, mwalimu alikuwa na sheria moja, naye hakuipunguza kwa mtu yeyote: Jangwani, kila mtu na maji yake. Haombi, hapewi. Hakuwa mtu mkatili. Mwaka mmoja, kabla ya zamu yetu, msichana mwenye moyo mwema aligawa maji yake siku ya kwanza, na siku ya pili mwalimu alimbeba mgongoni mpaka barabarani, akisimamisha malori ya ndizi yaliyotoka mji wa Kiwanja mpaka moja likakubali kumchukua. Tangu siku hiyo, kabla ya kila kambi, alitukusanya uani mwa kanisa. Kila mtoto alibeba mzigo wake wote, bidoni ikiwemo, akazunguka kanisa mara tatu, akaketi chini, akasimama bila kushikwa mkono. Aliyeshindwa alirudi nyumbani.

Dada yangu alinizidi umri kwa miaka miwili. Alikuwa na ule ugonjwa wa damu ambao madaktari wa kwetu wanautaja kwa herufi mbili tu, SS. Macho yake yalikuwa na umanjano, na mikono yake ilikuwa myembamba. Maumivu yalipomshika, aliuma kanga ya mama ili majirani wasisikie. Daktari alikuwa amemwambia mama mambo mawili: asipigwe na baridi, na anywe maji, anywe tena, hata kama hana kiu. Miaka mingi baadaye, nikijisomea mwenyewe vitabu nilivyovipata huku na kule, nilielewa sababu yake: damu ya namna ile hujikunja na kuziba njia, na maji huisaidia kupita. Wakati ule nilijua tu kwamba alitembea na chupa. Watoto walimwita Chura.

"Chura, utamaliza ziwa!"

"Nitamaliza, halafu nitakuja kunywa machozi yako," aliwajibu. Hakuwahi kukosa jibu. Alichokosa ni kutembea mtaani na mabega yale. Miaka mitatu alikuwa amenisaidia kufunga mzigo wangu, akiingiza na kutoa vitu, akijua mahali pa kila kitu, kisha akabaki mlangoni. Mwaka wa nne alisema: "Na mimi nitaenda. Mara moja tu."

Mama alikubali, kwa sauti ndogo. Lakini uani mwa kanisa mambo yalikataa. Mzigo wake aliweza kuubeba. Maji yake, ambayo yalipaswa kuwa mara mbili ya yetu, hakuyaweza. Alizunguka kanisa mara moja, akaketi, na hakuinuka.

"Nitabeba nusu yake," nikasema.

Mwalimu alipima bidoni yangu kwa mkono, kisha akanitazama mabega. "Wewe mwenyewe unatosha yako tu. Ukianguka, nitabeba nani?" Akachuchumaa mbele ya dada. "Mutoto wangu, si mimi nakukataza. Ni ile mawe."

Dada alifika nyumbani akatoa vitu vyake kwenye mfuko, kimoja kimoja, akavirudisha juu ya mkeka, kila kimoja mahali pake. Hakulia. Mama alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Alimtazama mpaka kitu cha mwisho kilipowekwa. Kisha akasimama, akaingia chumbani, akatoka na kamba.

Ilikuwa kamba pana ya kipaji, iliyosukwa kwa nyuzi za mgomba, ile ambayo wanawake wa upande wa Bukavu hubebea mizigo: mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Mama alikuwa amebeba kwa kamba hiyo tangu utoto wake. Alipoolewa na baba, karani wa ofisi, baba alimwomba aiache. Mke wa karani na kamba kwenye kipaji, watu wangemwona kama mbeba mizigo wa sokoni. Aliiacha. Mimi sikuwahi kuiona mpaka siku ile.

Baba aliiona alipotoka kazini. "Hiyo ni ya nini?"

"Ya maji ya mutoto."

"Watu watasema nini?"

"Waseme. Midomo yao haibebe maji."

Baba alikula peke yake jioni ile.

Asubuhi ya kuondoka, baada ya misa, tulijipanga mbele ya kanisa. Dada alikuwa mwisho wa mstari na mfuko wake mdogo, shati limefungwa vifungo vyote. Mwalimu alipomfikia alisimama. Nadhani hakutaka kuuliza.

"Maji yako iko wapi?"

"Iko nyuma."

Tuligeuka. Mama alikuwa anaingia mlango wa uzio, ameinama, kamba imezama kwenye paji la uso, bidoni kubwa ya njano mgongoni. Alitembea kwa hatua fupi, zile ambazo mwili hausahau. Akina mama waliotoka misani walimpisha. Jirani yetu, mama mmoja wa Butembo aliyeuza chumvi na sabuni, alisema kwa nguvu: "Ee Yesu, muke wa karani!"

Mwalimu alisema kwa upole, "Mama, sheria ni kila mutu na maji yake."

"Najua. Haya ni yake. Ule pale ni mutoto, mimi njo mugongo yake."

"Basi mugongo utembee nyuma," mwalimu alisema, "na kwa kambi usilale."

"Nani anataka kulala juu ya mawe yenu?"

Alitembea nyuma yetu njia yote. Madereva wa malori walipiga honi, wengine wakamtania, naye hakuinua kichwa, maana mwenye kamba kwenye kipaji hawezi kuinua kichwa. Tulipofika aliteremsha bidoni taratibu, akaifunika kwa kanga isipigwe na jua, akamwambia dada, "Kunywa bila kuhesabu. Kesho saa sita niko hapa." Akarudi mjini.

Nataka kukueleza furaha ya dada yangu siku ile, na naona maneno hayanisaidii. Alifunga kamba za bashi kwenye mawe kwa fundo alilokuwa amejifunza mlangoni kwetu, akitutazama miaka yote ile, na fundo lake lilikuwa bora kuliko yetu. Alipika bugali akatugawia, akimpa kipande kidogo mmoja wa wale waliomwita Chura: "Chura wanakula kwanza, wewe ngojea." Mawe yalikuwa yamenywa jua mchana kutwa, na jioni yaliturudishia joto, tukaketi juu yake tukiimba mpaka sauti zikakauka.

Lakini mawe hayatoi joto milele. Upepo wa mlimani ulishuka, na kabla ya alfajiri maumivu yalimshika dada magotini. Alijificha chini ya blanketi akinywa maji, kikombe juu ya kikombe, bila kusema. Nilimsikia akiuma kitambaa, nikakimbia kumwamsha mwalimu. Mwalimu aliwasha makala tuliyoyaweka akiba ya kupikia, akapasha mawe madogo, akayafunga kwenye nguo zake mwenyewe, akayaweka magotini kwa dada. Yalipopoa alileta mengine. Kulipokucha, bidoni ya dada ilikuwa tupu, na saa sita ilikuwa mbali.

Sote tulikuwa macho, tunatazama. Mwalimu alichukua kibuyu chake, akamimina kikombe, akampa. Baadaye kingine. Hakutazama upande wetu. Makala yalikuwa yameisha, kwa hiyo tulikula maharage baridi. Jua lilipanda. Aliendelea kumimina mpaka kibuyu kikageuzwa mdomo chini, na yeye mwenyewe tangu asubuhi hakuwa amegusa tone.

Mama alifika kabla ya saa sita. Alimpapasa dada magoti, akamtazama macho, akatulia. Kisha akamtazama mwalimu, midomo yake iliyopasuka. Alimimina kikombe cha kwanza akampa yeye, kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mgeni mkubwa. Mwalimu alikunywa chote.

"Nimrudishe nyumbani?" mama aliuliza.

"Muulize mwenyewe."

Dada alisema: "Kumebaki usiku mbili."

Akazimaliza. Mama alikuja kila siku, na makala akaongeza juu ya bidoni. Tulipoingia Katindo siku ya mwisho, dada alitembea mbele, polepole, na mabega yake yalikuwa yale ninayokuambia.

Alifariki msimu wa mvua uliofuata, nyumbani, asubuhi, mkono wake ndani ya mkono wa mama. Wakati wa matanga, yule jirani wa chumvi na sabuni aliketi karibu na mama akasema lililokuwa kwenye vinywa vya wengi. "Ile kambi njo ilimumaliza. Ungemukataza."

Baba alikuwepo. Nilimwona anainua uso, na niliogopa. Lakini alimwambia jirani: "Mama, acha. Alikuwa mugonjwa tangu tumbo. Ile kambi njo kitu kimoja alitaka." Ndiyo maneno pekee niliyowahi kumsikia akisema juu ya jambo lile. Mama aliendelea kukunja blanketi la dada, akalinusa, akalikunja tena.

Sasa uwanda ule haupo. Kwanza walikuja watu wa kuvunja mawe kwa ajili ya kujengea, na nyundo zao zilisikika mpaka barabarani. Baadaye vita vilileta watu waliolala pale chini ya mabashi bila mtu kuwauliza kama wanataka, na watoto wao walipanga foleni ya maji tangu giza. Wao pia wakaondoka, wakasukumwa kwingine. Leo kuna viwanja, kuta, mabati. Mwaka jana nilitembea huko mchana kutafuta mahali tulipofunga bashi, nikashindwa kujua hata upande. Watoto wa parokia hawaendi tena kambini. Hakuna mzazi wa Goma ambaye leo angemfungia mtoto wake mzigo kwa hiari yake akalale nje.

Mwalimu alizikwa kijijini kwao. Baba alitangulia, mama akamfuata. Wale wenzetu tuliolala nao wametawanyika, wengine sijui kama wanaishi. Hakuna aliyekuwa na kamera. Watoto wangu wanajua kwamba walikuwa na shangazi aliyekufa mdogo, mgonjwa, basi. Hivyo ndivyo anavyotajwa, kama mtu ambaye hakwenda popote. Na kwetu, mtu pekee aliyebaki anayejua kwamba alifika Jangwani ni mimi.