Mashini Iliyozaa Wasichana Tisa

Tii. Tii. Tii. Hivyo ndivyo onduleur, betri ya akiba ya kompyuta katika bureau ya paroisse, ofisi ya parokia yetu, ilivyolia kila courant ya umeme ilipokatika. Mpaka leo naisikia. Maana yake: una dakika chache, hifadhi kazi yako, ama ipotee. Nilikuwa na miezi sita tu ya masomo ya ordinateur, na ndoto ya kufungua secrétariat yangu Butembo, duka la kuchapia watu barua, yenye pazia la rangi ya chungwa.

Wiki ile vita vilifunga barabara ya Beni, na askari wakakaa kwenye geti letu. Hakuna aliyetoka. Tulilala juu ya mabenchi ya kanisa; mchana niliandika wakimbizi kwenye ordinateur, pamoja na majina ya watoto yaliyoletwa kutoka Masereka. Pick-up ya paroisse peke yake ilikuwa na ruhusa, kwenda Masereka kuleta watoto waliopotezana na wazazi njiani. Lakini mtoto hakupandishwa kama haijulikani wazi ni wa mama gani.

Mwalimu wangu, aliyepanga majina ndani ya ile mashini, alikuwa amekata kila familia vipande viwili: tableau, yaani jedwali, ya wamama, na tableau ya watoto, zikiunganishwa kwa jina la mama. Na yeye mwenyewe Mnande kama sisi! Kwetu jina linafuata zamu ya kuzaliwa: msichana wa kwanza ana lake, wa pili lake, na kila nyumba ni yale yale.

Akaja mama mmoja kutoka Beni, naye msichana wa kwanza kwao, akimtafuta msichana wake wa kwanza, wa miaka mitano. Nikauliza mashini. Ikatoa wasichana tisa, wote jina moja, na mama zao jina moja.

"Eh, binti! Miye nilizala mumoja, mashini yako inanizalia tisa?" Akacheka, halafu akainamia skrini. "Sasa batapandisha nani?"

Nikamwita mwalimu.

"Donc, tutapatia kila mutu numéro."

"Numéro itamujua namna gani, mwalimu? Tulisha kumukata na mama yake."

Akakuna kichwa. Akanionyesha programu nyingine mle mle, ya kujaribu. Hiyo haikati. Mtoto anaingia mzima, jinsi alivyo, ameshikana na mama yake. Hata wawili wakifanana jina, inajua ni watu wawili.

"Na mbona hatuitumie?"

"Mais bakubwa banataka tableau."

Nje dereva alikuwa amewasha gari.

"Mama, niambie yote," nikasema, nikianza kuandika.

Kovu la moto, goti la kushoto. Anaogopa bata. Akiimba, anaruka mstari wa pili. Nilikuwa kwenye neno bata, onduleur ikaanza kulia. Nikahifadhi, skrini ikafa. Nikaandika yote tena kwa kalamu, nikamkimbizia dereva.

Siku ya pili dereva alirudi na msichana mmoja. Alikuwa ameuliza wale tisa nani anaogopa bata. Watatu wakainua mikono, lakini kovu lilikuwa moja. Yule mama alikaa chini kwenye vumbi, akashika lile goti kwa mikono miwili.

Askari hawakuondoka getini. Jioni courant ikarudi, bureau ikiwa tupu. Sikumuuliza mwalimu. Nikafungua ile programu ya kujaribu, nikamwingiza mmoja wa wale wanane waliobaki Masereka, kati ya walioinua mikono. Niliandika: anaogopa bata. Mahali pa mama nikapaacha wazi, nikahifadhi.