Udi wa Asubuhi ya Idi

Leo kwa shangazi, mtaani Barking, huku ughaibuni, wamefukiza udi, na mimi hata chai ikanishinda kwa hasira.

Nilikuwa mdogo, tukikaa kwenye karavani, kijumba cha magurudumu chenye kuta nyembamba na magodoro yanayonuka ukungu. Asubuhi ya Idi mama alizifukiza nguo zetu, tusiende msikitini tunanuka nyumba yetu. Moshi ukatoka dirishani. Meneja wa uwanja wa makaravani akagonga mlango mpaka vikombe vikacheza, akaingia.

"Mnachoma nini humo? Nikiuona tena moshi, mnahama."

Mama akanigeukia. "Mwambie ni manukato, mwanangu. Mwambie leo sikukuu."

Mle ndani mimi tu ndiye niliyejua Kiingereza. Nikaviangalia viatu vya meneja vya matope, vimesimama juu ya mkeka wetu wa kusalia, nikanyamaza. Baba akasema "sori, sori," akachukua birika, akaimimina chai kwenye chetezo cha udi.

Tulikwenda kusali tukinuka majivu.

Leo mama ndiye aliyekishika chetezo. "Sogea nikufukize nywele," akaniambia.

Nikamjibu kwa Kiingereza aniache. Kwa mama, Kiingereza changu hakikwami kama kilivyokwama siku ile mbele ya meneja.