Ndefu Mbili, Fupi Moja

Miaka ile ya themanini niliajiriwa kituo cha simu Malindi kwa sababu ya sauti yangu tu. Masomo yaliishia darasa la saba. Nilikaa mbele ya ubao wa kuunganishia simu nikichomeka waya tundu hili na lile, huku naota kwamba siku moja nitasoma taarifa redioni.

Wenye simu wa Mambrui na wa njiani walishirikiana laini moja, kwa hiyo akipigiwa mmoja kengele zililia kwa wote. Kila mtu alijua mlio wake, niliompigia mimi kutoka ubaoni. Duka la Mhindi, ndefu moja. Ghala la korosho, fupi tatu. Zahanati ya njiani, ndefu mbili, fupi moja. Mlio usio wako huugusi. Kunyanyua simu ya mwenzio ni kutegea sikio mambo ya watu, na kwetu hiyo ilikuwa aibu kubwa.

Kisha ukaja mtambo wa mtu kupiga simu mwenyewe, bila kupitia kwangu. Kila mmoja akapewa waya wake peke yake na nambari yake. Mafundi wakazijaribu zote kutoka kituoni, zote zikalia. Fundi mkuu akanitania nitafute mume, ubao wangu utafaa kukatia mboga. Nilicheka sana siku ile.

Wiki ileile, alasiri, dada yangu alishikwa na uchungu pale Mambrui, na mtoto amekaa vibaya. Shemeji akakimbilia dukani kwa Mhindi kupiga simu, kuita gari la zahanati. Simu inalia, haipokewi. Akakata, akapiga tena, akapiga tena. Mwisho wakampakia dada kwenye mkokoteni. Walipofika, gari lilikuwa uani na dereva yupo. Mtoto alitoka amekwisha kufa.

Shemeji akasema wale watu waliwaacha makusudi. Fundi naye akaipima laini mbele yangu: nzima. Roho yangu haikutulia, nikaenda zahanati. Nikamwamkia muuguzi, mama mtu mzima, nikamuuliza kama siku ile simu ililia.

“Ililia mwanangu, alasiri nzima. Lakini haukuwa mlio wetu, ni fupi fupi tu. Tukawa twacheka, hawa wa ghala leo wamelala?”

Nikamweleza kwamba laini sasa ni yao pekee, na mtambo hauna milio ya huyu na yule, huliza kengele sawasawa kwa wote. Hakuna aliyekuwa amewaambia. Akajifunika uso kwa leso.

Nilipomweleza fundi hakunitania. Akabaki kurudia kwamba kengele ilikuwa ikilia. Nikatumwa mlango kwa mlango kuwaambia watu: ikilia vyovyote, nyanyua, ni yako.

Mlango wa dada niliuacha mwisho. Alikuwa amelala, matiti yamefungwa kitambaa maziwa yakauke. Nikamweleza yote.

“Kwa hiyo waliisikia?”

“Waliisikia, dada.”

Akageukia ukutani.