Jumapili Tuliyoenda Katana Bila Eshapema

Hata leo, mwanaume akianza kunisimulia mashindano ya magari, akifumba macho na kulia "vuuuum" kwa mudomo wake, mate yakimuruka, mimi ninasimama na kutoka inje. Inanichukiza. Watu wanasema niko na kiburi. Basi waseme.

Bwana yangu alikuwa mutu wa namna ile. Miaka ya Zaïre alikuwa anafanya kazi ya leta, ya serikali, mu biro, na koti yake ya abakosi imepigwa pasi, kalamu mbili mu mufuko. Tulikuwa na gari moja ndogo ya bulu, gari ya kimya. Ilikuwa inapanda mulima wa kwetu polepole, inakohoa kidogo, inafika. Ile ndiyo ilikuwa inatupeleka Katana kila Jumapili, kuona mama yangu mu hospitali ya misheni, kwani walikuwa wamemupasua tumbo. Wagonjwa wenzake walituambia kwamba anaujua mulio wake. Gari ikiwa bado kwenye kona ya njia, yeye anaketi, anafunga kikwembe chake vizuri, anasema, "Batoto bangu banafika."

Sasa muganga akasema mama amepata nguvu, Jumapili yenye kufuata tumuchukue arudi nyumbani. Nilimutandikia kitanda, nikanunua samaki za kumupikia. Na katika juma lile lile, wakubwa wa chama wakatangaza mashindano ya magari kwa ajili ya sikukuu yao, Jumapili ile ile asubuhi. Bwana yangu akajiandikisha. Na gari gani? Na ile ya bulu! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka.

Jumamosi akaleta fundi. Wakalala chini ya gari, wakatoa eshapema, lile bomba la nyuma lenye kunyamazisha motere. Nikamuuliza:

"Sasa itakimbia zaidi?"

"Hapana. Lakini itasikilika. Gari yenye haisikilike, nani atageuza shingo aiangalie?"

Akaiwasha. Mama weee! Masahani yalitetemeka mu kabati, kuku zikaruka ukuta zikaenda kwa jirani. Lakini mimi mulio ule nilikuwa ninaujua. Wakati wa mamersenere, wale askari wazungu wa kukodiwa, mbele inchi haijaitwa Zaïre, jeep zao zilikuwa zinapita karibu na kwetu, mabomba yamepasuka, zikilia vile vile. Mama alitukimbiza mu migomba. Mimi nilikuwa mutoto wa kulia ovyo, basi alinifunga mudomo na mukono wake mpaka motere iende mbali. Alikaza sana. Pumzi ilikuwa karibu kuniishia, na kisha nilitema damu kwa sababu meno yalikuwa yamenikata mudomo ndani.

Nikamwambia bwana yangu: "Papa, kesho tukitoka kwa mashindano tunaenda kumuchukua mama. Hii kitu utairudisha mbele ya kuenda?"

"Nitairudisha."

"Unajua kwa nini ninakuuliza."

"Ayiii! Mambo ya zamani ile. Nimesema nitairudisha."

Kesho yake tulisimamishwa kando ya njia tangu asubuhi, na wale wenye kuimbia chama wakicheza mbele yetu na jasho. Bukavu iko mji wa kona na vilima, gari unaisikia mbele ya kuiona. Mulio ulishuka kule chini kwa ziwa, ukapita juu ya maji, ukarudi umekuwa mukubwa kuliko gari zenyewe, na watu wote wakanyoosha shingo upande mumoja, midomo wazi. Ikatokea gari ya kwanza, ya rangi ya majivu, na mulio mudogo wa kawaida. Maman mumoja karibu yangu akauliza kama huyu bwana anaenda misa na njia imefungwa. Hakuna aliyepiga makofi. Na ndiye alikuwa wa kwanza!

Kisha wakaja wenye makelele. Nilisikia tumbo langu linatetemeka, si mimi ninayelitetemesha. Harufu ya mafuta iliingia mpaka mu koo, vumbi mu meno, nikitema ninatema nyeusi. Wanaume wazima walikuwa wamefumba macho kama watu wenye kukomunika mu misa. Wamekuja kuangalia mashindano, na hawaangalie! Bwana yangu akapita karibu ya mwisho, akinguruma, na watu wakataka kuanguka mu njia. "Ile! Ile ndiyo gari!" Mukubwa mumoja mu jukwaa akapenda sana. Akamwita, akamupatia kombe. Mwenye gari ya majivu alibaki akipangusa miwani yake, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Nikamwambia: "Sawa. Sasa turudishe eshapema."

"Fundi amekwisha kulewa. Ni sikukuu."

"Basi tuende kesho."

"Mama anatungoja leo. Na pia, wacha asikie!"

Mama alikuwa anangoja kweli, hiyo ndiyo ilinipandisha mu gari. Kombe lilikaa katikati yetu kama mutoto. Kila mahali penye mulima karibu, bwana yangu alikanyaga zaidi ili asikie namna mulio unarudi. Batoto walikimbia nyuma yetu wakishangilia. Lakini muzee mumoja mwanamuke aliyekuwa amebeba kuni alizitupa chini, akaingia mu shamba, na nilimuona anaangalia nyuma. Nikapiga kelele: "Simamisha! Nishuke nitembee na miguu!" Hakusikia. Nikamupiga mu bega. Akafikiri ninafurahi, akanipiga mu bega na yeye, akicheka.

Tulifika Katana. Wagonjwa walikuwa kwenye madirisha, wanaangalia ni mukubwa gani amekuja. Niliingia mbio. Kitanda cha mama kilikuwa kitupu. Juu yake kulikuwa furushi lake, limekwisha kufungwa, na viatu vyake vya misa. Maman wa kitanda cha pili alikuwa anazunguka, anaita binti yake mudogo, "Iko wapi huyu mutoto? Alikuwa anachezea hapa sasa hivi!"

Nikainama.

Mama alikuwa chini ya kitanda, nyuma kabisa, kwenye ukuta. Bandeji ya tumbo imekuwa nyekundu. Alikuwa amemukamata yule binti kwa kifua chake, na mukono umemufunga mudomo na pua, na macho ya mutoto yametoka. Mama aliniangalia. Akasema polepole sana:

"Ingia mbio. Banafika."

Niliingia kwa tumbo, nikaanza kulegeza vidole vyake, kimoja, kingine. Mutoto akapata pumzi kidogo. Ndipo nikaona viatu vya bwana yangu vinasimama kando ya kitanda, na sauti yake juu, imejaa furaha:

"Maman! Mulitusikia tangu wapi?"

Na vile vidole vikakaza tena.