Tundu Upande wa Ulimi

Tulikuwa Bububu kwa shangazi yangu, tunatwanga mpunga wa harusi, mimi na binti yake, michi miwili katika kinu kimoja. Niliinama kabla ya zamu yangu, mchi wake ukanipiga mdomoni. Jino la mbele la juu halikung'oka wala halikuvunjika. Lakini baada ya wiki kadhaa likaanza kugeuka kijivu, ufizi ukavimba, nikawa silali kwa maumivu.

Wakati huo nilikuwa nikisomesha Kurani watoto wa kike nyumbani kwetu Mkunazini. Herufi za Kiarabu the na dhali hazitoki sawasawa bila ya ncha ya ulimi kugusa meno ya juu ya mbele. Kwa hiyo jirani aliposema ling'olewe, mama alikataa. Akavaa buibui lake, akanipeleka kwa daktari wa meno, Mhindi wa makamo aliyekuwa na chumba chake ghorofani, karibu na soko.

Mama alikuwa na lake moyoni. Siku zile jino la dhahabu lilikuwa pambo.

"Daktari, mtibu," alisema, "kisha umvishe dhahabu."

Daktari aligonga jino taratibu kwa kijiti cha chuma, akalitazama sana.

"Bi Mkubwa, ndani ya jino mna mshipa, na wa hili umeshakufa, unaoza. Huo ntautoa. Lakini jino lenyewe zima. Nikitaka kulivisha dhahabu lazima nilichonge pande zote, libaki jembamba. Siku moja atauma muhogo, likatike."

"Na usipolichonga?"

"Ntatoboa tundu dogo tu upande wa ulimi, pasipoonekana. Nguvu ya jino ni ule mwili wake. Nikiukata leo, kesho siwezi kumrudishia."

Mama akaiacha dhahabu yake. "Basi muachie jino lake."

Mashine yake ya kutobolea, daktari aliiendesha kwa mguu, kama fundi cherehani. Mguu ulikwenda mbio, lakini vidole vyake mdomoni mwangu havikutikisika. Kisha akachukua sindano nyembamba mno, akaizungusha polepole ndani ya jino, na ikaendelea kuzama. Mpaka siku ile nilidhani jino ni kitu kama jiwe, zima mpaka ndani. Kumbe lina njia yake, nyembamba kama unywele, inayopanda mpaka mfupani, na mtu huyu anaifuata bila ya kuiona. Nilisahau kuogopa.

Nilirudi kwake mara kadhaa. Kila mara alisafisha, akatia pamba yenye dawa inayonukia karafuu, akalifunga tundu kwa muda. Uvimbe ukanywea. Mwisho akaijaza ile njia, akaziba tundu, akanikataza kumenya miwa kwa meno ya mbele. Nimemtii, na jino ninalo hadi leo, kijivu kidogo.

Siku hiyo ya mwisho alinionyesha kazi yake kwa vioo viwili, kidogo chenye mpini ndani ya mdomo na kingine mbele ya uso wangu. Kwa nyuma palikuwa na alama isiyozidi punje ya mtama. Mama naye akaomba kuona. Alipokwisha kuniangalia, akakaa yeye kwenye kile kiti, akafunua mdomo. Daktari akamshikia vioo, naye akayatazama meno yake upande wa ndani, moja baada ya moja, bila ya haraka.

"Subhanallah," alisema kwa sauti ya chini. "Umri wote huu nnakula nayo, sijapata kuyaona."

Daktari hakumharakisha. Alisimama amemshikia vioo mpaka mwenyewe alipotosheka.