Ndugu wa Mfalme Hakuzama

Mimi ndiye niliyeandika ile nadharia ya ndugu wa mfalme. Wanaocheza lile gemu la falme na mazimwi wanaijua, kwa sababu ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp kutoka Dar mpaka Mombasa, na watu walitukanana kwa ajili yake. Sehemu ya pili ya gemu, ndugu wa mfalme anaingia ziwani na mtumbwi, mtumbwi unarudi mtupu, na kila mtu ndani ya gemu anasema amekufa. Mimi nikasema hakufa. Nikaonyesha kwamba sehemu ya tatu kaburi lake lipo uani pa ikulu lakini halina jina. Nikaonyesha kwamba kengele ya mnara, ambayo hulia kila mtu anapokufa, kwake yeye haikulia. Waliobisha niliwajibu kwa sauti za dakika saba saba mpaka wakanyamaza wenyewe.

Mimi ni mbishi, sikatai. Lakini nilikuwa na kanuni yangu, na wote kwenye kundi waliishika: ndani ya gemu hakuna kitu kilichowekwa bure. Kila jiwe limechorwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na sababu. Ukikuta mlango haufunguki, usiseme umeharibika, jiulize nani kaufunga.

Ukweli ni kwamba wazo lenyewe lilikuwa la kaka yangu. Mimi nilikuwa nasimamia banda la gemu pale Mwanga, karibu na soko, na wateja wangu walikuja kucheza mpira tu. Lile la falme tulilicheza sisi wawili, mchana, siku za mwezi mkubwa. Kaka alikuwa mvuvi wa dagaa, na mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, kwa hiyo mitumbwi inapumzika. Alikuwa anakuja bandani na mikono yake iliyochanika kwa kamba, anakaa kwenye benchi, anashika pedi ya gemu kama ameshika kasia. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuokoteza. Maandishi yakitokea tunasimamisha gemu, mmoja anasoma, mwingine anatafuta maana kwenye simu.

Mtumbwi ule mtupu uliporudi, kaka alicheka.

"Huyu hajafa," akasema. "Mtu akizama, siku ya tatu ziwa linamtoa. Huyu tumekaa naye mwezi mzima hajaonekana. Wametuficha kitu hawa."

Nikamwambia ziwa la kwenye gemu siyo Tanganyika. Akasema ziwa ni ziwa, endelea kucheza.

Mwaka uliofuata mtumbwi wao ulipigwa na upepo ukapinduka. Wenzake watatu walirudi wameshikilia ubao. Yeye hakurudi. Tulikaa mwaloni Kibirizi siku tatu, baba, mama na mimi, pale mitumbwi inapoteremsha dagaa, tukiangalia maji. Siku ya nne baba alisema twende nyumbani Gungu, akakate mgomba.

Kwetu sisi, upande wa baba, mtu akipotelea majini asionekane, unakatwa mgomba wa urefu wake. Unavishwa shati lake, unazungushiwa sanda, unazikwa kama yeye. Hapo ndipo watu wanapolia. Kabla ya hapo hakuna kilio, hakuna matanga, hakuna kunyoa, kwa sababu hakuna aliyekufa. Mtu ambaye mgomba wake haujazikwa yuko safarini tu.

Nikasimama mbele ya wajomba na baba wadogo, mimi mtoto wa mwisho, nikakataa. Nikawaambia kaka mwenyewe alisema mtu akizama ziwa linamtoa siku ya tatu. Halijamtoa. Mkizika mgomba mtamzika mtu aliye hai. Nilizungumza vizuri, nilikuwa na mazoezi. Baba aliniangalia kama mtu aliyetemewa mate. Mama akaniangalia pia, muda mrefu, kisha akasema, "Tusubiri."

Basi tukasubiri. Nilifunga banda. Nikachora ramani ya upepo wa usiku ule kwenye daftari, nikaweka mishale ya kwenda ng'ambo ya Kongo, Kalemie na Uvira. Mabaharia wa Kikongo niliokuwa nawauliza habari zake walianza kunikwepa. Kwa hiyo nikamtuma mama. Nilimwambia, "Wewe ni mama, wewe watakujibu." Kila asubuhi akawa anatoka Gungu kwenda Kibirizi mitumbwi inaporudi, anasimama kati ya wanawake wanaoanika dagaa, anauliza. Anarudi jua likiwa kali, pindo la kitenge limelowa, ananiambia leo hawajasikia. Alikuwa na presha. Nilijua ana presha.

Na mimi sikuwa nakula. Naliandika hili kwa sababu lina uzito baadaye. Nilikonda mpaka suruali nikaifunga kwa kamba. Mama alikuwa anaweka sahani mbele yangu, anaiondoa, analeta nyingine jioni.

Mwezi wa tisa wa kusubiri baba alichoka. Alikata mgomba bila kumwuliza mtu, akauleta akauegemeza nyuma ya jiko, akasema Jumamosi tunazika. Ijumaa yake, kwa mazoea tu, nikaipiga namba ya kaka, ambayo ilikuwa haipatikani tangu siku ile.

Ikaita.

Iliita mara nne, kisha ikakatwa. Siyo kwamba haikupokelewa. Mtu aliikata.

Nilikimbia jikoni. Nikawaambia baba na mama kwamba maiti haikati simu. Baba akasema laini isiyotumika kampuni inauza kwa mtu mwingine, kila mtu anajua. Akachukua simu yangu, akafanya kile ambacho Mtanzania yeyote angefanya: akajifanya anatuma pesa kwenye ile namba ili aone jina la mwenyewe. Jina likatokea. Halikuwa la kaka. Lilikuwa la mtu tusiyemjua kabisa.

Mwenye akili angeishia pale. Mimi nikasema, nyinyi hamjui watu wanasajili laini kwa vidole vya watu wengine? Kaka amefika mahali, amepoteza kila kitu, kasaidiwa na msamaria akairudisha namba yake kwa jina la huyo. Hawezi kusema kwa sababu hana kibali cha kukaa kule aliko, anaogopa. Lakini namba ameishika ili sisi tujue. Baba akauliza, anayejificha anabaki na namba ile ile? Nikamwambia hiyo ndiyo dalili yenyewe. Nilikuwa na jibu kwa kila kitu. Ukishajifunza kazi ile hukosi jibu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Akasema mgomba usubiri. Jioni ile nilikula ugali wote, na mama alikaa akinitazama mpaka nikanawa.

Mgomba ulibaki nyuma ya jiko ukaoza. Baba aliutupa shimoni kwa jembe.

Kuanzia hapo kila Jumapili alasiri nilipiga. Kila Jumapili iliita, ikakatwa. Haikupokelewa hata mara moja, haikuzimwa hata mara moja. Nikafungua banda tena, nikarudi kwenye kundi, nikaanza kunenepa. Mama akaendelea na Kibirizi. Mara moja moja nilimwuliza kama amechoka, akasema hajachoka, na mimi nikaridhika na jibu hilo kwa sababu lilinifaa.

Mwaka wa tatu alianguka mwaloni asubuhi, juu ya dagaa walioanikwa. Waliomleta hospitali walisema alikuwa hata hajaanza kuuliza. Alikaa siku mbili bila kusema neno, akafa.

Tulimzika Kidahwe, kwa watu wake. Watu walipoondoka kaburini baba alibaki, nami nikabaki. Akasema bila kunitazama, "Mama yako amekufa na kilio cha mwanawe tumboni." Nilitamani anipige.

Siku ya tatu yake nilikata mgomba mwenyewe. Niliuvisha shati la kaka, lile la mistari. Tuliuzika pembeni ya mama, watu kumi hivi, na kilio kilikuwa kidogo kwa sababu wengi walishamaliza machozi kwa mama.

Miezi ikapita, sehemu ya nne ya gemu ikatoka. Sikuinunua. Nilifungua simu bandani nikakuta jumbe mia na kitu, zote zinanitaja mimi. Ndugu wa mfalme yu hai. Alikuwa anaishi kisiwani, na kaburi lilikuwa tupu, na kengele haikulia kwa sababu mlinzi wa mnara alijua. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Watu wazima, wenye kazi zao, waliniandikia kwamba mimi ni noma, niwasamehe walivyonibishia. Nikaiweka simu kifudifudi. Na bado kulikuwa na mtu mmoja tu niliyetaka kumwambia, kwa hiyo vidole vyangu vikapiga namba yake. Haikuwa hata Jumapili.

Safari hii ikapokelewa.

"Samahani ndugu yangu," mtu akasema haraka haraka, kwa lafudhi ya huku kwetu. "Najua hukutarajia nipokee. Ila mama kanyamaza siku nyingi. Hajambo?"

Nilimwuliza mama gani.

Ilimchukua muda kuelewa kwamba sijui. Yeye ni dereva wa bodaboda, laini aliinunua Kasulu. Ijumaa ile ya kwanza alikata simu yangu kwa sababu alikuwa barabarani na abiria. Jioni yake akapigiwa na mama mmoja. Akamweleza laini ni mpya, yeye siye. Mama akasema alijua.

"Akaniomba kitu," akasema. "Akasema kuna mdogo wa mwenye namba atakupigia. Usipokee, na simu usizime. Kata tu. Nikamwuliza kwa nini nifanye hivyo. Akasema leo amekula."

Nilikaa kwenye benchi la kaka. Vijana wawili walikuwa wanacheza mpira kwenye skrini, wanabishana kuhusu penati.

Akaendelea kuniambia kwamba kila Jumapili, kabla yangu, mama alikuwa anampigia. Anamsalimia, anamwuliza kazi, anamkumbusha. Mtoto atapiga, baba, usisahau. Yeye hakulipenda jambo lile, lakini lilikuwa ombi la mama wa mtu.

Kwa hiyo kanuni yangu ilikuwa sahihi. Kile kitu hakikuwekwa bure. Miaka yote ile nilikuwa naushika mlango uliofungwa na mama yangu, kwa mkono wake, akanilinda nao, halafu asubuhi anakwenda Kibirizi kuuliza habari za mtu aliyejua amekufa, kwa sababu mimi nilikuwa nyumbani nikisubiri arudi aniambie.

Nilimweleza kwamba mama amefariki. Akasema innalillahi. Nikamwuliza swali moja tu. Je, alikuwa analia?

"Mara moja," akasema. "Nilikuwa naelekea Kidahwe na abiria. Akaniambia, baba, leo niache nilie, usikate mpaka nimalize. Nikaegesha pembeni. Alilia sana, ndugu yangu. Alimlilia mwanawe kwa jina, akamtaja tangu alipozaliwa. Abiria wangu alichoka akashuka akaenda kwa mguu. Mimi sikukata."

Nilifunga banda, nikatembea mpaka Gungu. Baba alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo, kazi ambayo zamani ilikuwa ya mama. Sikukaa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, namba, dereva, ombi, na kwamba ni mimi niliyemzuia mama asimlilie mwanawe mbele za watu. Nilijiandaa kwa lolote.

Baba hakuuliza kuhusu namba, wala kuhusu mimi.

"Kwa hiyo alilia," akasema.

"Alilia, baba."

"Mpaka akamaliza?"

"Mpaka akamaliza."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi. Kisha akausogeza ungo upande wangu, nami nikakaa chini nikaanza kutoa mawe.